Kabati langu la Kichina linapasuka kila baridi ikiingia

Fundi, shikamoo.

Naishi Minneapolis, Marekani, na kwetu ni Mombasa. Mwaka jana jirani yetu mzee alihamia kwa bintiye, akauza vitu vya nyumba. Nikanunua kabati la Kichina na viti viwili, vyote kwa dola 900. Kabati lina urefu wa sentimita 172, juu ni jembamba kuliko chini. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea hadi kukaribia nyeusi, na milango yake miwili haina hata bawaba moja. Viti vina mikono na mgongo wa ubao mmoja uliopinda, na mbao yake ni ya kahawia yenye mistari myembamba myeusi. Jirani alituambia kabati ni la China ya enzi ya Ming (1368 hadi 1644) na viti ni vya zitan, mti wa thamani.

Tangu tuwashe hita mwezi wa Novemba, bao la mlango wa kulia limejivuta upande, limeacha mstari mweupe wa milimita 5 hivi. Bao la ubavuni limepasuka kutoka juu hadi katikati. Mlango wa kushoto haufungi tena, unabaki wazi kiasi cha kidole. Kiti kimoja kinacheza ukikikalia. Nimemwita fundi wa hapa, anataka dola 600: apige msasa yote, ajaze nyufa kwa epoksi, akaze kiti kwa skurubu, kisha apake vanishi ya plastiki. Mume wangu anasema tuuze kabla hayajaharibika zaidi. Mimi navipenda, na tukirudi nyumbani ningependa kurudi navyo. Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Minneapolis

*

Marahaba, dada. Kwanza mwambie huyo fundi asije. Kati ya yale manne aliyopanga kufanya, hakuna hata moja linalofaa, na matatu kati yake hayatengenezeki tena yakishafanyika.

Mstari mweupe uliouona ni sehemu ya bao ambayo siku zote imejificha ndani ya fremu. Mlango wa kabati kama lako ni fremu ya miti minne, iliyounganishwa pembeni kwa ulimi na tundu, na ndani yake umechongwa mfereji. Bao la katikati limetumbukizwa kwenye mfereji huo bila gundi, liwe huru kutanuka na kusinyaa. Waliopaka laka, hiyo nyekundu unayoiona, walipaka lile eneo lililoonekana siku ile. Bao likisinyaa, ukingo usiopakwa unachungulia. Haujavunjika mlango.

Fanya hesabu mwenyewe uone. Chukua bao lenye upana wa sentimita 45. Unyevu wa hewa ndani ya nyumba ukiwa asilimia 50, mbao hutulia ikiwa na maji yapata asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hita zikishusha unyevu hadi asilimia 20, jambo la kawaida Minnesota mwezi wa Januari, maji ndani ya mbao hushuka hadi kati ya asilimia 4 na 5. Kwa mbao ya yumu, yaani mti wa elm wa kaskazini mwa China, ambayo nadhani ndiyo ya kabati lako, bao hilo litapungua milimita 3 kama limepasuliwa kuelekea kiini cha gogo, na karibu 7 kama limepasuliwa ubavuni mwa gogo. Milimita zako 5 zimeangukia humo humo. Sasa mtu akijaza mfereji huo epoksi, bao limefungwa pande zote. Kiangazi litatanuka likose pa kwenda, litapinda au kufumua fremu. Baridi litasinyaa likose pa kuteleza, litapasuka katikati.

Na huenda ndicho kilicholipata bao la ubavuni. Bao lililopasuka lenyewe mara nyingi limebanwa mahali: gundi iliyochuruzika, tabaka la rangi lililoziba mfereji, au msumari wa fundi aliyepita. Chukua tochi, uangalie kwa ndani, ufuate ukingo wote wa mfereji. Ukiona gundi inayong'aa au kichwa cha msumari, umepata chanzo. Gundi ya zamani ya ngozi au ya samaki hulainika kwa maji ya uvuguvugu yaliyochovywa kwenye pamba kidogo kidogo. Msumari mwachie mtaalamu.

Tiba yako ya kwanza ni hewa. Nunua kipima unyevu, bei yake ni dola 10 hadi 15, ukiweke ndani ya chumba karibu na kabati, si dirishani. Nunua na mashine ya kuongeza unyevu. Makumbusho hupenda asilimia 45 hadi 55, lakini wewe usizifukuzie namba hizo wakati nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, maana maji yatachuruzika kwenye vioo na kuta zako zitaota ukungu. Asilimia 30 hadi 35 katikati ya baridi inatosha, mradi isipande na kushuka kila siku. Kinachovunja samani ni mruko wa ghafla kuliko ukavu wenyewe. Kwa hiyo usiiwashe mashine kwa nguvu zote siku ya kwanza. Ongeza pointi chache kila wiki. Sogeza kabati lisikae mbele ya tundu linalotoa hewa ya moto, angalau mita moja, na liache nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kutoka ukuta wa nje. Jua la dirishani nalo lisiligonge, linaikausha laka na kuipausha.

Ufa wa ubavuni usiujaze sasa. Subiri hadi Julai, unyevu ukiwa umepanda, ndipo uutazame tena. Nyufa nyingi za namna hiyo hujifunga hadi kubaki uzi. Ukibaki wazi hata kiangazi, fundi wa samani za kale atachonga ukanda mwembamba wa mbao ya aina hiyo hiyo, mnene kama maranda, autie ndani ya ufa na kuugundisha upande mmoja tu. Upande wa pili unabaki huru.

Mlango usiofunga una sababu nyingine, na hapo wewe mtu wa pwani utaelewa upesi. Milango ya kabati hili haina bawaba kama milango ya kale ya Lamu na Unguja isivyo nazo: mti wa pembeni umechongwa ncha juu na chini, na ncha hizo zinazunguka ndani ya matundu. Isitoshe, miguu ya kabati imetanuka kidogo kuelekea chini, ndiyo maana juu ni jembamba. Mti wa mlango umeinama pamoja na mguu, na kwa mwinamo huo mlango ukiachiwa hujirudia wenyewe kwa uzito wake. Kabati likikaa kwenye sakafu isiyo sawa, mwinamo unaharibika. Weka pimamaji juu ya kabati, kulia kwenda kushoto, kisha mbele kwenda nyuma. Mguu ulio chini utie kipande chembamba cha mbao hadi pimamaji itulie. Mara nyingi mlango unafunga papo hapo.

Usipofunga, utoe. Mnahitaji watu wawili. Fungua mlango hadi uwe pembe mraba na uso wa kabati, uinue moja kwa moja juu: tundu la juu lina kina zaidi ya la chini, kwa hiyo ncha ya chini itachomoka kwanza. Vuta sehemu ya chini nje kidogo, kisha shusha. Angalia ncha. Ikiwa imelika upande mmoja, mlango umeshuka na unaburuza. Sugua mshumaa mkavu kwenye ncha zote mbili, rudisha, jaribu. Kwenye tundu la chini unaweza kuweka kisahani kidogo cha ngozi ngumu, unene wa milimita 1 au 2, kiuinue mlango. Hakina gundi wala msumari, na siku ukitaka utakitoa. Ukiwa hapo, tazama kama katikati kati ya milango kuna mti uliosimama, mfano wa mfaa wa mlango wa kwetu. Katika makabati haya mara nyingi unachomoka. Kama haupo, ujue ulipotea njiani, nao ndio uliokuwa unashikilia kufuli.

Msasa. Hapa nakusihi, dada. Hiyo nyekundu iliyokolea ni laka, utomvu wa mti wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho, na utomvu wake mbichi huwasha ngozi kwa sababu ya ukoo huo. Haikauki kama rangi nyingine. Hugandia kwenye hewa yenye unyevu, ikawa ngumu kwa miaka mamia. Kwenye kabati la kawaida tabaka lake halifiki hata milimita moja, na chini yake, hasa ndani na mgongoni, mara nyingi kuna udongo laini uliochanganywa na utomvu, pengine na kitambaa cha katani. Dakika 10 za mashine ya msasa zinafuta vyote. Kuna na hatari nyingine: rangi nyekundu ya laka za kale mara nyingi ni sinabari, madini yenye zebaki. Vumbi lake usilitake ndani ya nyumba yenye watoto. Vanishi ya plastiki nayo hufunga uso kwa ngozi isiyofuata mwendo wa mbao, itapasuka kwenye kila kiungo, na kuitoa ni kuitoa pamoja na laka.

Kusafisha ni hivi. Brashi laini ya manyoya kwanza, vumbi lote litoke kwenye pembe. Kisha kijiti cha pamba kilicholowana kidogo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ukijaribu mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na uchafu wa kijivu, endelea polepole, ukikausha nyuma yako. Ikitoka nyekundu, acha mara moja, laka hiyo inaachia. Baada ya hapo nta: kijiko kimoja cha chai cha nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini kinatosha mlango mzima. Paka kama unapaka mafuta uso wa mtoto mchanga, subiri nusu saa, futa kwa kitambaa cha pamba hadi mkono uteleze. Mara moja kwa mwaka yatosha. Mahali palipobabuka laka, ruka. Mafuta ya nazi, ya kupikia, na dawa za kupuliza za dukani ziache kabisa. Mafuta huganda yakanata na kushika vumbi, na dawa zenye silikoni huzuia gundi na laka kushika siku ya matengenezo. Shaba ya kufuli na vishikio usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, hubakiza unga mweupe kwenye mbao usiotoka.

Sasa kiti. Kabla ya kukigusa, kigeuze miguu juu. Katika viti vya namna hii, mguu wa nyuma na mhimili wa mgongo ni mti mmoja unaopenya fremu ya kukalia. Ndiyo maana huwezi kung'oa mguu wa nyuma peke yake, na anayepiga nyundo bila kujua hilo hupasua fremu. Tikisa kiti ujue kiungo gani kinacheza. Ikiwa ni fito za chini tu, zinazounganisha mguu na mguu, kazi ni ndogo. Zichomoe kwa mkono, na kila moja uifunge kikaratasi chenye namba kwa uzi. Usibandike utepe wa gundi, utang'oa rangi. Osha gundi kuukuu kwa maji ya moto na mswaki, acha ikauke siku moja. Ulimi usiupige msasa wala kuuchonga. Ukiwa umelegea, ongeza unene kwa ukanda wa maranda uliogundishwa kwenye shavu la ulimi.

Tumia gundi ya ngozi ya punje. Loweka sehemu moja ya punje kwa sehemu mbili za maji baridi usiku kucha, kisha ipashe ndani ya sufuria ya maji hadi nyuzi 60, isichemke, maana ikichemka nguvu yake inaisha. Pasha na viungo kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Una dakika chache tu kabla haijaganda. Funga kiti kwa kamba iliyozungushiwa kitambaa, tia kijiti katikati ya kamba na uinyonge hadi viungo vikae, pima pembe kwa pembe viwe na urefu sawa, acha saa 24. Gundi hii maji ya moto huilainisha, kwa hiyo atakayekuja baada yako ataweza kukifungua kiti tena. Skurubu na epoksi haziachii: siku kiti kitakapobeba uzito vibaya, kitakachovunjika ni mti.

Kuhusu Ming na zitan. Zitan asili yake India, ni nzito hata huzama majini, nyeusi yenye uzambarau, na mistari yake ni shida kuiona. Mistari uliyoieleza inafanana zaidi na kile Wachina wanachokiita jichimu, mti wa bawa la kuku, kwa sababu ukiupasua unaonyesha michirizi kama manyoya. Wachina wana kanuni ya taifa inayotaja miti inayoruhusiwa kuuzwa kwa jina la hongmu, yaani miti migumu ya thamani, na katika kundi la jichimu umo mti unaoujua: mjohoro, ule ule unaopandwa kwetu kwa kuni na kivuli. Wenge wa Kongo umo pia, na mpingo wetu umo kwenye kundi jingine. Ndiyo maana nasema kuwa mwangalifu na umri: viti vya mtindo wa Ming vilivyochongwa kwa mbao za Afrika miaka ya karibuni ni vingi mno.

Kagua ufito wa mbele wa kuwekea miguu. Kiti cha kale kina urefu wa karibu sentimita 50 hadi mahali pa kukalia, kwa kuwa mkaaji alikanyaga ufito huo badala ya sakafu ya baridi. Ulike katikati, mviringo laini, si sawasawa kote. Ukikuta ufito umekaribiana sana na sakafu, miguu ilioza kwa maji ya kupiga deki ikakatwa. Chini ya kiti, tafuta alama za msumeno: mikwaruzo ya upinde ni ya msumeno wa mviringo wa mashine. Mbao isiyopakwa iwe imekauka na kupauka rangi yenyewe. Ikiwa na rangi moja kila mahali na inanukia dawa, imepakwa uzee.

Kabati lako kwa umbo na laka lafanana na makabati ya kaskazini mwa China, jimbo la Shanxi na jirani zake, na kazi nyingi za huko zilizofika Marekani ni za enzi ya Qing, yaani 1644 hadi 1911, na hasa mwisho wake. Watu hulidharau yumu kwa sababu soko hulipia miti migumu ya kitropiki, iliyoingia China kwa wingi baada ya marufuku ya biashara ya bahari kulegezwa mwaka 1567. Mimi silidharau. Seremala wa yumu alitumia viungo vile vile, na laka ya kabati lako ni kazi ambayo mti mgumu uliopigwa nta tu hauna.

Na una bahati ya mahali. Makumbusho ya sanaa ya Minneapolis Institute of Art, kuingia bure, ina mkusanyiko mkubwa wa samani za Kichina za miti migumu, pamoja na vyumba vizima vilivyoletwa kutoka China, kimoja cha kusomea cha mwaka 1797. Nenda na watoto. Chuchumaa, utazame miguu, fito na pembe za fremu, kisha rudi nyumbani uchuchumae mbele ya viti vyako.

Kuuza au kubaki navyo ni lenu wawili, lakini mwambie bwana kwamba kwa hali niliyoisoma havijaharibika, na vikiuzwa katikati ya baridi vikiwa na nyufa wazi mtapata bei mbaya kuliko Julai.

Mkija kuhama, mambo ni haya. Kama mtaalamu atasema viti ni vya jamii ya mpingo, yaani Dalbergia, jamii hiyo yote imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Bidhaa zilizokamilika zikizidi kilo 10 za mbao hiyo katika shehena moja zinahitaji kibali, na viti viwili vinazidi. Yumu haina sharti hilo. Sanduku la kusafirishia liwe la mbao iliyopashwa moto na kupigwa muhuri wa HT, ama bandarini watalizuia. Vifunge kwa shuka za pamba, kamwe usikaze plastiki juu ya laka, kwa kuwa kontena hutoa jasho likivuka tropiki. Ning'iniza ndani yake mifuko ya kufyonza unyevu. Toa milango, ifunge peke yake. Mombasa hewa ina unyevu wa asilimia 75 na zaidi, mabao yatatanuka hadi mstari mweupe upotee kabisa, na milango inaweza kubana kwa miezi ya mwanzo. Usikimbilie randa. Kwa huko adui ni mchwa na fukusi: weka karatasi nyeusi chini ya kabati, na kila wiki mbili angalia kama kuna unga mpya. Matundu makavu yasiyomwaga unga ni ya zamani, yaache.